Refa Aliyesema Mgongo

Kila Jumapili alasiri sisi wa kijiji cha Los Maitenes tunakwenda uwanjani. Hatuna sinema wala duka kubwa, lakini tuna timu mbili zinazochukiana vizuri. Wanawake wanakuja na viti vya kukunja. Custodio Sepúlveda anachoma soseji nyuma ya goli, na anamtukana refa bila malipo.

Refa wetu ni Nolberto Riffo. Siku za kazi ni fundi wa viti. Ana mashine ya kukereza mbao, na miguu ya viti vyake ni laini mpaka wanunuzi wa mjini Chillán wanaipapasa kabla ya kuuliza bei. Jumapili anavaa nguo nyeusi na filimbi shingoni. Amekuwa refa tangu nywele zake zikiwa nyeusi kama nguo hizo.

Jumapili moja, majani ya miti yakiwa yameanza kuanguka, mpira ulikuwa katikati ya uwanja. Hakuna aliyeguswa. Nolberto akapuliza filimbi.

"Faulo!"

"Faulo ya nani?" wachezaji wakauliza.

"Subirini hapo hapo. Mtu asiguse mpira."

Akaondoka mbio. Akapita nyuma ya kibanda cha soseji, akapotelea nyuma ya banda la zana. Wachezaji walisimama wakitazamana. Mmoja akaketi na kufunga kamba za viatu upya. Haikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Refa kipofu!" Custodio akapiga kelele, uma wa soseji mkononi. "Zamani ulikuwa huoni mpira tu. Sasa hata uwanja umekupotea?"

Watu wakacheka. Nolberto akarudi, akaipa mpira wa adhabu timu ambayo haikuuomba, na mechi ikaendelea. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Haikuwa hasira. Alikuwa na hofu.

Nyumbani, mkewe Orfelina alikuwa hajacheka. Yeye ndiye aliyejua jinsi mumewe anavyoamka usiku, anakwenda chooni, anarudi, anakwenda tena. Alijua pia kwamba anakaa huko muda mrefu. Mtu aliyebanwa namna ile angetoka haraka.

"Nenda zahanati," alimwambia huku akipakua maharage yenye tambi.

"Ni baridi tu. Baridi inabana."

"Kiangazi pia ulibanwa. Nayo ilikuwa baridi?"

Nolberto akajaza mdomo maharage ili asijibu. Lakini Jumatatu akaenda.

Sasa, lazima niseme kuhusu dirisha la zahanati yetu. Miaka ile ya janga waliweka kioo kinene kati ya karani na wagonjwa. Janga liliisha, kioo kikabaki. Chini yake kuna tundu dogo, usawa wa kitovu. Anayetaka kusema kwa siri ainame mpaka kwenye tundu. Anayeona haya kuinama apige kelele, na foleni nzima isikie. Wanaume wa hapa hawainami.

"Anayefuata!" akaita Maritza, karani. "Karibu, Mzee Nolberto. Shida ni nini?"

Nolberto akageuka. Nyuma yake alisimama mwimbishaji wa kwaya ya kanisani. Nyuma ya huyo, wachezaji wawili wa timu ya ng'ambo ya reli. Na nyuma yao, mke wa Custodio, akiwa ameshaegemeza sikio.

"Mgongo," akasema Nolberto.

"Mgongo?"

"Mgongo! Unauma!"

Maritza akaandika mgongo. Daktari wetu ni Dakta Millaray, msichana mpole wa rika la binti wa Nolberto anayeishi mji wa Concepción. Akasoma palipoandikwa mgongo, akambonyeza mgongo. Nolberto angeweza kusema ukweli pale, mlango ulikuwa umefungwa. Lakini alimwona yule daktari kama binti yake. Akasema "ai!" alipobonyezwa, ili uongo usimame vizuri. Akapewa dawa ya kuchua.

Orfelina akaifuata dawa kama ilivyoandikwa. Kila jioni alimchua mgongo mpaka nyumba nzima ikanuka kafuri. Mgongo ule ulikuwa mzima kabisa. Na mumewe aliendelea kukimbilia chooni.

Nolberto akaamua kutafuta daktari wa njia ya mkojo mwenyewe, kimyakimya. Alichukua simu, akajifungia katika karakana yake, akaanza kupigia kliniki za Chillán.

"Daktari yupo," alijibu wa kwanza. "Una bima gani?"

"Fonasa. Bima ya serikali."

"Hatupokei hiyo. Ni kulipa mwenyewe."

Wa pili alijibu vivyo hivyo, ila kwa upole zaidi. Mahali pengine simu ililia mpaka ikachoka. Mwishowe akapata mwanamke aliyesema, "Ndiyo, mzee. Daktari Bastías ameandikishwa kwenye Fonasa. Njoo Alhamisi."

Nolberto alifurahi mpaka akasahau kuuliza jambo lingine lolote. Alimwambia Orfelina anakwenda mjini kununua gundi.

Kliniki ilikuwa na sakafu inayong'aa. Ili bima ilipie, ilibidi aweke kidole kwenye kimashine kimsome. Kidole cha shahada kikakataliwa. Cha kati kikakataliwa. Miaka ya kushika mbao ilikuwa imefuta mistari yote.

"Una vidole kweli, mzee?" akauliza msichana wa mapokezi.

"Ninavyo kumi. Chagua."

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikasaidia, nacho kilikuwa hakijafanya kazi ngumu maisha yake yote.

Daktari Bastías alimpima vizuri, akamweleza bila kuzunguka. Tezi dume ilikuwa imekua na kuubana mkojo. Kibofu hakikuwa kinatoa mkojo wote. Alimwandikia vidonge, lakini alidhani upasuaji utahitajika.

"Nafanyia hapa hapa," alisema. "Wasichana watakueleza gharama."

Nolberto akarudi mapokezi.

"Bima si inalipa?"

"Bima imelipia kumwona daktari," akajibu yule msichana. "Upasuaji kwenye kliniki hii ni wa kulipa mwenyewe."

Kisha akataja bei. Nolberto aliomba aitaje tena. Kitu kimoja tu nyumbani kwake kilikuwa na thamani ya kukaribia pale. Hakuuliza kama kuna mahali pengine. Aliona aibu hata kusimama pale. Akashuka ngazi, akapanda basi, akafika nyumbani bila gundi na bila vidonge.

Siku chache baadaye, mtu mmoja kutoka mji wa Bulnes alisimama mlangoni na kumwuliza Orfelina, "Ni hapa panapouzwa mashine ya kukereza?"

"Hapana," akasema Orfelina. "Mume wangu ni fundi. Anakereza nayo."

"Ndiye aliyenipigia simu, mama. Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo na gari."

Orfelina akaingia karakana. Nolberto alikuwa anafagia vumbi la mbao, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Unauza mashine?"

"Nafikiria."

"Kwa ajili ya mgongo?"

Nolberto akaweka ufagio chini. Akaketi kwenye kiti ambacho hakijawekwa mgongo bado, akasema yote: choo, simu, kidole, daktari, bei. Alipomaliza, Orfelina alikuwa amejishika kiuno.

"Kwa hiyo jioni zote hizi nilikuwa nachua nini?"

"Mgongo."

"Mgongo mzima! Mikono yangu imekaribia kuota malengelenge kwa mgongo mzima!"

Kisha akalia, maana mashine ile ndiyo iliyowasomesha watoto, na bila mashine yule mwanamume asingejua asubuhi aamkie nini. Alitaka kwenda papo hapo kwa Yasna, jirani wa upande wa pili wa ua. Yasna Cifuentes alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya miadi ya hospitali ya serikali ya Chillán, kabla hajarudi kumtunza mama yake.

"Usithubutu," akasema Nolberto. "Yasna akijua, ukuta utajua. Ukuta ukijua, Custodio atajua."

"Wewe endelea kufa na tai shingoni," akasema Orfelina. Lakini hakwenda.

Jumapili ile mvua ilinyesha mechi nzima. Nolberto akapata mafua. Kwenye meza moja ya soko alinunua vidonge vya mafua, vile vya kukausha pua, vinavyouzwa kwa karatasi moja moja. Akameza asubuhi, akameza mchana, akameza kabla ya kulala. Pua ikakauka vizuri sana.

Asubuhi iliyofuata hakutoka hata tone. Alisimama, akaketi, akafungulia bomba la maji ili sauti isaidie. Hakuna. Ilipofika saa nne, tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa gumu na amelowa jasho. Alikuwa anatembea jikoni akishika meza, kiti, ukuta.

"Mwite," akasema.

"Nimwite nani?"

"Mwite Yasna! Mwite hata Custodio, ukitaka!"

Yasna hakuuliza maswali ya ziada. Alitazama tumbo, akatazama uso, akakimbia kuwasha gari la shemeji yake.

"Hili si la kungoja miadi, jirani," alisema akiwa anaendesha. "Mtu akishindwa kabisa kukojoa ni dharura. Hospitali, moja kwa moja."

Kila shimo la barabara lilimfanya Nolberto aite jina la mama yake. Kitengo cha dharura walimlaza, muuguzi akampitishia mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa. Nolberto akafumba macho. Baadaye aliniambia kwamba alifurahi siku alipooa, na alifurahi binti yake alipozaliwa, lakini furaha ile ilikuwa ya namna yake.

"Umemeza dawa gani siku hizi?" akauliza muuguzi.

"Za mafua tu."

"Za kukausha pua?"

"Hizo hizo."

"Mwenye tezi dume iliyokua asimeze hizo bila kumwuliza daktari. Zinakaza pale pale panapobana. Na mkojo ukikwama, unarudi nyuma, figo zinaharibika. Umewahi. Wengine hawawahi."

Akarudi nyumbani na mfuko umefungwa pajani, ndani ya suruali.

Jumamosi Yasna alikuja kunywa chai. Orfelina aliwasha jiko la kuni, akaponda parachichi, akapanga mkate. Nolberto aliketi upande, kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Sasa nieleze," akasema Yasna. "Una Fonasa, sivyo? Kwa nini ulianzia kliniki za kulipia?"

"Kwa sababu Fonasa haina madaktari wa mambo haya. Nimewapigia. Karibu wote wanakataa."

"Waliokataa ni wa kliniki za binafsi, jirani. Daktari wa binafsi anachagua mwenyewe kama atajiandikisha na bima ya serikali. Wengine hawataki. Na hata aliyejiandikisha, mwulize kabla hujapanda basi: anapokea bima kwa kumwona tu, au na kwa vipimo? Na upasuaji je? Anafanyia hospitali gani, na hospitali hiyo inapokea? Wewe uliuliza la kwanza tu."

"Nilifurahi," akasema Nolberto.

"Najua. Nimewaona wengi waliofurahi hivyo." Yasna akachukua mkate. "Lakini iko njia nyingine, nayo inapita mita mia tatu kutoka hapa. Zahanati. Daktari wa zahanati anakupima, anakuandikia rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo katika hospitali ya serikali. Huko madaktari hawachagui bima. Mwenye Fonasa halipi kumwona daktari, wala upasuaji."

"Halipi kabisa?" akauliza Orfelina.

"Kabisa. Na sikilizeni. Sheria ina orodha ya magonjwa ambayo lazima yatibiwe ndani ya muda uliowekwa. Tezi dume iliyokua na kumsumbua mtu imo kwenye orodha hiyo. Daktari akithibitisha, lazima akujulishe, na unatia sahihi kwamba umejulishwa. Muda ukipita bila kutibiwa, unadai. Huombi hisani, unadai."

Nolberto alikuwa anazungusha kikombe.

"Ni saratani?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Orfelina akaacha kupaka parachichi. Kumbe hilo ndilo lililokuwa limekaa chini ya yote.

"Kukua kwa tezi si saratani," akasema Yasna. "Wanaume wengi wa umri wako wanayo. Lakini dalili zinafanana, na kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana wanapima damu, wanapima kwa kidole, wanapiga picha ya kibofu. Na mtu akiona damu kwenye mkojo asingoje hata kidogo. Daktari wa zahanati alikupima nini?"

Nolberto akakiweka kikombe chini.

"Mgongo," akasema Nolberto.

"Mgongo?"

"Ndivyo nilivyosema dirishani. Watu walikuwa nyuma yangu."

Yasna alijaribu kujizuia. Akashindwa. Alicheka mpaka chai ikamwagika, na Orfelina akacheka, na mwishowe Nolberto mwenyewe akatikisika, akishika mfuko wake usije ukafunguka.

"Jirani," akasema Yasna akijifuta macho, "nilipokuwa ofisini nilikuwa naona migongo ya wanaume inakuja kwa wingi. Mgongo, goti, uchovu. Rufaa haiwezi kwenda kwa daktari wa mkojo kama umesema mgongo. Dirishani huna haja ya kutaja kitu. Sema, 'Ni jambo langu la siri, nitamweleza daktari.' Karani lazima aliheshimu. Lakini ukiingia kwa daktari, mlango ukifungwa, hapo huna siri."

"Yule ni binti mdogo."

"Yule ni daktari. Amesomea hicho unachokificha."

Wakati huo honi ikalia nje. Ilikuwa gari la yule mtu wa Bulnes, aliyekuja kuchukua mashine. Nolberto akainuka nusu, akaketi tena.

"Mwambie aje wiki ijayo," akamwambia mkewe. "Tuone kwanza."

Orfelina akatoka. Akarudi mara moja, akaketi, akaendelea kupaka parachichi.

"Umemwambia wiki ijayo?"

"Nimemwambia haiuzwi."

Jumatatu Nolberto alisimama tena mbele ya kioo. Mke wa Custodio alikuwepo tena. Sijui yule mwanamke anaumwa nini kila Jumatatu. Nolberto akainama mpaka kwenye tundu.

"Jambo la siri," akasema. "Nitamweleza Dakta Millaray."

Maritza akaandika, wala hakuinua kichwa. Ikawa hivyo tu. Nolberto alibaki ameinama kidogo, akingoja aibu ifike, na haikufika.

Ndani, alisema yote. Dakta Millaray alisikiliza hadi mwisho.

"Na mgongo, Mzee Nolberto?"

"Mgongo unakusalimu."

Daktari akacheka, kisha akafanya kazi. Alimpima, ndiyo, na kwa kidole pia. Kilikuwa kitendo cha muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu, na Nolberto alikuwa amekikimbia miaka. Akaagiza vipimo vya damu na mkojo, na picha ya kibofu. Akaandika rufaa. Akamweleza juu ya ile orodha ya sheria, sawasawa na alivyosema Yasna.

Yasna alikuwa anangoja nje.

"Wana namba yako ya simu?"

"Wanayo tangu zamani."

"Ipi?"

Nolberto akafikiri. Namba waliyokuwa nayo ilikuwa ya simu iliyoanguka kwenye mfereji wa kumwagilia, mwaka wa mavuno makubwa ya viazi.

"Jirani!" Yasna akashika kichwa. "Hospitali inapiga, mtu hapokei. Inapiga tena, hapokei. Wanaandika 'hapatikani', na nafasi inapewa mwingine. Halafu mtu anakaa nyumbani akisema serikali imemsahau. Rudi dirishani. Wape namba yako, na ya Orfelina, na ya kwangu."

Akarudi, akainama mara ya pili.

Sitatia chumvi: kungoja kulikuwepo. Daktari bingwa wa hospitali alimpa dawa, mpira ukatolewa ili waone kama atakojoa mwenyewe. Mkojo ukakwama tena, mpira ukarudi. Hapo akasema upasuaji unahitajika kweli. Majibu ya damu yalikuwa mazuri. Nolberto alipoyasikia alikaa kwenye benchi la korido, akaweka mikono usoni, na Orfelina akamwacha alie.

Jumapili hakuweza kukimbia na mfuko. Timu zilimweka mpwa wa padre awe refa. Alikuwa kijana wa heshima aliyeomba radhi kila alipopuliza filimbi. Custodio alijaribu kumtukana, akakosa raha.

"Huyu hana ladha," alilalamika akigeuza soseji. "Riffo alikuwa kipofu, lakini alikuwa na msimamo. Anaumwa nini, hasa?"

"Muulize," akasema Orfelina.

Custodio hakuuliza. Alipita nyuma ya banda la zana. Orfelina alimtazama akienda, na aliona kwamba alikawia kurudi. Jioni akamsimulia mumewe.

Hospitali ilipiga simu siku ya upepo mkali. Namba ya Nolberto haikushika mtandao. Ya Orfelina ilikuwa imezimika. Yasna akaja akiruka ua, aproni kiunoni, simu mkononi: "Ni wao! Sema ndiyo! Sema ndiyo kwanza, utauliza baadaye!"

Akapasuliwa. Tezi iliyobana ikapunguzwa. Alilala hospitali siku chache, akala uji usio na chumvi, akaulalamikia, ikawa dalili kwamba amepona. Wakati wa kuondoka aliuliza alipe wapi. Mwanamke wa ofisini akamwambia hakuna cha kulipa, aweke kidole tu kuthibitisha. Bila kungoja kukataliwa, Nolberto akaweka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Miti ilipochanua maua, mashine ya kukereza ilikuwa inalia tena katika karakana. Nolberto alikuwa analala mpaka alfajiri, na Orfelina pia, maana mwenzako akiamka usiku nawe unaamka. Jumapili alirudi uwanjani na kuchezesha mechi mwanzo hadi mwisho bila faulo hata moja ya uongo. Custodio alimtukana kwa furaha kubwa.

Jumatatu Nolberto alikwenda zahanati kuchukua vidonge vya shinikizo la damu alivyoandikiwa hospitalini. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake alisimama mtu mpana, amevaa kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa akihamia mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia. Nolberto aliujua mchezo ule wa miguu. Aliucheza muda mrefu.

"Anayefuata!" akaita Maritza. "Bwana Custodio! Leo wewe? Shida ni nini?"

Custodio akatazama nyuma. Akamwona mwimbishaji wa kwaya. Akamwona muuza mkate. Akamwona mke wake mwenyewe, kama kila Jumatatu. Akamwona refa.

"Mgongo," akasema.

"Mgongo?"

"Mgongo! Unauma!"

Maritza akaanza kuandika. Nolberto akanyoosha mkono, akabisha kwenye kioo.

"Futa hiyo, Maritza. Si mgongo."

Custodio akawa mwekundu mpaka masikioni. Alimgeukia Nolberto, na kwa muda sote tuliokuwa kwenye foleni tulidhani atampiga. Nolberto hakurudi nyuma. Akasema taratibu, kwa sauti ya kumfikia yeye tu na mimi niliyekuwa karibu:

"Inama kwenye tundu. Sema ni jambo la siri. Ukiingia, mwambie daktari yote. Mimi nilichelewa, na karibu niuze mashine. Wewe utauza nini? Jiko la soseji?"

Custodio akageuka mbele. Aliangalia kioo, akaangalia lile tundu la chini.

"Miaka yote nimesema mtu huyu haoni," akanong'ona.

Kisha akavua kofia, akainama.

Nolberto akatugeukia sisi wa foleni. Akainua mikono yote miwili, viganja mbele, kama anavyofanya anapopanga ukuta wa mpira wa adhabu, akaanza kutusogeza.

"Nyuma," akasema. "Wote. Nyuma zaidi. Mwacheni apige."

Na sisi, hata mke wa Custodio, tukarudi nyuma.